Mizani ya Langoni

Meru, 6 Januari 2025

Baba mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako, na neno lolote utakalolikuta humu lisitoke kinywani mwako. Usimsomee hata Mama. Kaka Gichovi usimgusie kabisa, maana akijua leo, kesho Karurumo nzima inajua. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ninayotumia ni ya ofisi. Barua nimempa Celina, yule anayenunua ndizi huko na kuziuza hapa soko la Gakoromone. Yeye hafungui vya watu.

Hamjambo nyumbani? Mgongo wako bado unakusumbua ukiinama? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa.

Unajua kazi yangu katika hii kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Siku ya safari nafika asubuhi kwenye lango la kupandia mlima, natundika mzigo wa kila mpagazi kwenye mizani, nasoma mshale, naandika kilo, natia sahihi. Ilani yetu ukutani inasema hakuna mpagazi atakayebeba zaidi ya kilo ishirini, na kila mzigo husoma kumi na tisa au ishirini. Nilikuwa najivunia fomu zangu.

Wiki iliyopita nilikuwa na pakiti ya unga ya kilo mbili mkobani. Wapagazi hawajafika, nikautundika ule mkoba kwa mchezo tu. Mshale haukusogea. Nikaongeza jiwe. Haukusogea. Nikachungulia: pale kwenye sifuri pamegongwa kipini kidogo kinachouzuia mshale usirudi chini ya hapo, ambako ndiko unakotaka kulala. Mtu ameichezea mizani hii, Baba. Sijui inameza kilo ngapi. Anayeitunza ni meneja wetu, Bwana Kaimenyi, peke yake.

Juzi Muriithi, mpagazi mwenye watoto watatu, alishuka akichechemea, goti limevimba kama nduma. Kwenye fomu alibeba kilo ishirini. Sahihi ni yangu.

Nilimdokezea mzee Kobia, kiongozi wa wapagazi, kwamba huenda mizani ina shida. Akacheka mbele ya wenzake: "Karani, mizani ni ya watu wanaopunguza mwili. Sisi tunabeba."

Nikisema, nafukuzwa. Nikinyamaza, naendelea kutia sahihi. Nifanyeje?

Binti yako,
Gatwiri


Karurumo, 14 Januari 2025

Gatwiri mwanangu, mwenye jina la mama yangu,

Barua yako imenifikia salama, nikaisomea katikati ya shamba la muguka, ambako mama yako haji. Sisi hatujambo. Mbuzi amezaa mapacha. Gichovi ameniuliza ninaandika nini siku hizi. Nimemwambia ni wosia, akawa mpole ghafla.

Umenipa siri, nami nikupe yangu. Ulikuwa darasa la tatu nilipoletwa nyumbani nimelazwa nyuma ya pikapu. Tuliwaambia nimeanguka kutoka kwenye mti wa makadamia. Sikuanguka popote. Nilikuwa juu kwenye mawe, mzigo wa wageni mgongoni, na mgongo ukakataa. Mzigo huo langoni ulisomwa kilo kumi na nane. Aliyeusoma alikuwa karani mwenye adabu kama wewe. Nilijua ni uongo tangu nilipouinua, lakini niliogopa wenzangu wasiseme Nthiga amezeeka. Kobia namfahamu, tulipanda pamoja miaka mingi. Anacheka kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo usiwaeleze habari za kipini. Mpagazi haamini maneno ya ofisi. Lakini hakuna hata mmoja wao ambaye hajawahi kubeba bela la unga kutoka dukani. Pakiti kumi na mbili za kilo mbili mbili: ishirini na nne, hakuna ubishi. Si unga wa ugali wao hupanda nao kila safari? Basi anza na unga. Litundike bela likiwa bado limefungwa, watu wote wakiwepo, usome kwa sauti. Usiongeze neno.

Baba yako,
Nthiga


Meru, 21 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Nimelia kwa ajili ya mgongo wako.

Jana safari ilitoka. Bela lilikuwa pale, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Bwana Kaimenyi akaja akasimama nyuma yangu: "Haraka, karani, wageni wanangoja." Nikaandika ishirini mara kumi na nne. Nikatia sahihi.

Usinijibu. Sistahili hata salamu.

Gatwiri


Karurumo, 10 Februari 2025

Gatwiri mwanangu,

U mzima? Ulisema nisikujibu. Nimejaribu wiki tatu, nimeshindwa.

Celina anasema Jumamosi alikuta chumba chako kimefungwa kwa kufuli jipya, na jirani hajui ulikokwenda. Nikipiga simu yako inapokelewa na mwanamume, kisha inakatwa. Nisamehe, mama yako sasa anajua. Alinitazama tu usoni, nikasema yote. Hali chakula vizuri, anashinda akitazama barabara.

Kama hukulitundika hilo bela, bado u binti yangu. Mimi mwenyewe nilibeba huku nikijua. Barua hii nampa Celina aiulizie kila mahali. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


Langoni, 16 Februari 2025

Baba na Mama,

Poleni sana. Ni mzima, nakula vizuri. Celina alinipata jana.

Tarehe nne wapagazi walikuwa kumi na sita. Kalamu iliniponyoka, nikaiokota. Nikasema, "Leo tuanze na unga." Bwana Kaimenyi akasema unga haupimwi, ni chakula. "Nao unabebwa," nikajibu, nikashangaa ni nani amesema. Kobia akalitundika bela likiwa limefungwa. Nikasoma kwa sauti: "Kumi na sita."

Kobia akaliteremsha, akaliweka begani, akasimama kidogo, akalitundika tena. Kumi na sita.

"Karani," akasema, "huu unga umekonda lini?"

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kila mtu akageuka kuutazama mzigo wake. Muriithi alikuwepo, goti limefungwa kitambaa. Akauliza, "Kwa hivyo ile ishirini yangu ilikuwa ngapi?"

"Ishirini na nane. Na mimi ndiye niliyeandika."

Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama niko tayari kuandika upya.

Bwana Kaimenyi akasema anayetaka kazi abebe, asiyetaka aende kwa mke wake. Kobia akakaa juu ya mzigo wake. Wakakaa wote, Baba, kumi na sita, bila kelele, kama watu waliowahi kanisani. Kufikia saa tano mizani ya muuza viazi ilikuwa imeazimwa, mizigo ikafunguliwa, na watu saba zaidi waliokuwa wakingoja kibarua pale langoni wakaitwa kubeba kilichozidi. Nilitia sahihi polepole, jina zima.

Siku hiyo hiyo nikanyang'anywa simu na funguo. Chumba pia kilikuwa cha kampuni. Nilikuwa nimefunga nguo zangu nije nyumbani, Kobia akanizuia njiani. Wapagazi wa kampuni zote tatu zinazopitia lango hili wamekubaliana: hakuna mzigo utakaoinuliwa kabla sijausoma. Kampuni mbili zimekubali. Yetu bado inanung'unika, lakini inapima. Bwana Kaimenyi akipita hanisalimu, na gari lake likisimama bado nageuka kutazama. Lakini nasoma kwa sauti.

Kobia sasa anajua mimi ni binti wa nani; anasema nikuambie mlimani hukuwahi kumpita hata siku moja. Halafu akaongeza, "Mwambie na mimi nilikuwa najua."

Jumamosi tarehe ishirini na mbili wapagazi wanatundika mizani yao wenyewe, na wanataka mzigo wa kwanza uinuliwe na mtu aliyeumia. Wamekutaja wewe. Njoo na Mama. Msipitie ofisini mjini. Shukeni lami inapoishia, mchukue bodaboda, na umwambie aende taratibu. Kushoto mwa lango kuna kibanda cha chai cha Makandi, mabati ya kijani; nalala chumba cha nyuma. Mkinikosa atawapa chai mngoje. Usiulize Gatwiri, jina hilo hapa hawalijui. Uliza karani wa wapagazi.

Binti yenu,
Gatwiri