Ile Mashini Nyepesi

Jumanne, Katindo, hapa Goma

Bado nasita. Dada yangu Furaha, mwenye yuko Kampala, anataka kunitumia kompyuta mupya ya kazi yangu ya kutafsiri. Moja ni nyembamba sana, nyepesi, na batri yake inashika siku nzima bila umeme. Ingine ina kioo kizuri zaidi na klavye tamu ya kuandikia, lakini ni nzito kidogo.

Mchana nilimwambia papa, mwenye naishi naye, kama nachukua ile nyepesi.

"Juu ya nini?"

"Tukikimbia vita tena, itaingia ndani ya sakoshi ya mugongo."

Tangu apooze, miguu yake haimubebi. Aliuliza polepole, "Na mimi, utanitia ndani ya sakoshi gani?"

Nilichukua simu.

Nimemwandikia Furaha atume ile nzito. Tunabaki. Naogopa.