Chanjo Niliyoisingizia

Nyumbani, nyuma ya karakana ya mbao
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka,

Habari za huko mgodini? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakula na anagomba, kwa hiyo usimwogopee. Moyo wangu ndio hauna raha, na nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa watu.

Kuku wamekwisha. Kati ya sitini na wanne wamebaki tisa. Ni ule ugonjwa wa mdondo. Nilichanganyikiwa, maana rafiki yako Mchanjaji aliwachanja wote mwezi uliopita, tone moja moja la jicho, mimi mwenyewe nikiwashika.

Unaujua mdomo wangu. Nilimkabili pale bombani, mbele ya watu, nikamwambia ametutilia maji badala ya chanjo. Alifunga kisanduku chake cha barafu akaenda zake. Majirani wakanisadiki, wakamfungia milango.

Juzi daktari wa mifugo alipasua kuku wawili waliokufa. Maini yamepauka, yanamomonyoka mkononi. Akaomba kuona chakula chao.

Unakumbuka tulivyolelewa: mahindi mazuri ya watu, yenye ukungu ya kuku. Safari hii magunia yalinyeshewa, nami nikachambua vilevile, nikaanika, nikapepeta, nikasaga. Nilijiona mjanja. Kumbe ukungu ule huacha sumu ambayo jua haliiondoi. Kuku haanguki siku hiyo hiyo. Kinga yake inadhoofika polepole, hata akichanjwa mwili unashindwa kujijengea ulinzi. Hata mahindi tuliyojitengea, daktari ametukataza mpaka yapimwe. Chanjo haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyewamaliza, kwa beseni langu, asubuhi na jioni. Nimelia, sikufichi.

Nilimwomba Mchanjaji radhi. Akanitazama sana. "Nimekusamehe, dada. Sasa nifungulie hiyo milango uliyoifunga."

Basi jana tulizunguka naye, kisanduku nimebeba mimi. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, ana kuku arobaini ambao hawajaugua. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Siku ile pia ulikuwa na uhakika hivihivi." Akarudi kwenye cherehani yake, kuku wake hawakuchanjwa.

Wewe anakuheshimu. Simu yako haishiki huko, ndiyo maana nitampa dereva wa lori barua hii. Ukifika penye mtandao, mpigie kwanza fundi umwombe akubali chanjo, mimi baadaye. Neno langu huku halina uzito tena.

Nisalimie wifi na yule mtundu wenu wa mwisho. Mama anasema uvae sweta. Mungu akutoe salama humo ardhini kila siku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na aibu,
Kasuku

Nakunja barua huku namsikia fundi ng'ambo ya ukuta akiwaita kuku wake kula. Kwa vishindo vyao, bado wanakuja wote.