Nilimfukuza Redio, Ndala Yake Ikabaki Kwangu

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba uniokoe kabla ya Jumamosi maana viatu vitakuja na sijui nitafanyaje. Mimi na rafiki yangu, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, tulianzisha biashara ya kuosha raba uani kwetu, beseni la bibi yake, brashi yangu, mimi nasugua, yeye anapokea wateja na kuanika, na mambo yalikuwa moto kweli mpaka Jumamosi iliyopita, tumejaza ukuta mzima raba nyeupe, Redio akaona hazijapendeza akazipanga upya kwa weupe, zinazong'aa huku, zilizofifia kule, halafu akawagawia wenyewe hivyohivyo, jamani! Jirani yetu fundi cherehani akarudi anachechemea, mguu mmoja raba yake, mwingine kakunja vidole ndani ya raba ya nesi, na nesi nyuma yake raba inampwaya kama ndoo, na wengine wakafuata, uani kukajaa watu wanajaribishana viatu huku wanacheka hadi machozi, lakini mimi niliona aibu, nikamwambia mbele ya wote, "Umefukuzwa kazi!" Redio akanyamaza. Shangazi, Redio kunyamaza! Akachomoka mbio, na kwa ile haraka akavaa ndala yangu moja ya bluu akaacha yake moja ya njano, na hadi leo hatuongei. Nimemwona dukani bado kavaa hivyohivyo, moja ya bluu, moja ya njano, na mimi pia, kwa sababu sina nyingine (uongo, ninazo). Wateja wakija wanauliza, "Redio yuko wapi?" nikisema hayupo wanaondoka na raba zao chafu. Uani kumepooza, nina hamu naye mpaka nataka kulia. Je, nitafute msichana mwingine mwenye akili?

Bosi wa Beseni

Marahaba, mwanangu. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaja kuchungulia. Sasa nimemaliza kucheka, kaa nikugombeze.

Bosi wa nani wewe? Biashara mmeanzisha wawili, beseni ni la bibi yake, halafu unamfukuza kazi! Kakosea, ndiyo, tena vibaya. Lakini uani kote walikuwa wanacheka, hasira ulikuwa nayo peke yako. Pole, aibu inauma, najua. Ila wewe unajua kusugua tu. Watu wanakuja kwa Redio, na umeniandikia hivyo mwenyewe.

Habari ya msichana mwenye akili iache kabisa. Nenda kwa fundi cherehani, muombe mabaki ya nyuzi. Kila jozi ikifika, ifungeni uzi wa rangi yake peke yake, raba ya kulia na ya kushoto, kabla haijagusa maji. Baada ya hapo Redio azipange apendavyo, hata kwa harufu.

Sasa hiyo ndala. Mtu aliyekuchoka angekutupia yako mlangoni siku ileile. Yeye bado anaivaa, anapita nayo dukani mbele ya macho yako, na wewe unadanganya huna nyingine. Mnangojeana nini? Leo hii nenda kwao. Ulimfukuza mbele ya watu, basi muombe radhi mbele ya bibi yake, mwenye beseni. Ila ndala msirudishiane. Jumamosi simameni pamoja kwenye beseni, kila mmoja na yake ya bluu na yake ya njano, na wateja watajua mmepatana kabla Redio hajafungua mdomo.