Karatasi ya Rangi na Zamu Yetu ya Maji

Jumanne. Manyunyu toka asubuhi, mlima haujaonekana.

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika kaka zangu wote, mke wangu, na mibuni yote aliyopanda baba. Kwa hiyo kunidanganya mimi ni kazi. Naandika mwenyewe, kidole kimoja, makosa mtanisamehe.

Leo nimempeleka Eliasi kliniki mjini. Ni kitinda mimba wangu, alikuwa mwalimu mpaka skizofrenia ilipomshika. Kwa mila zetu kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, ni chake kitinda mimba. Lakini Jumanne iliyopita, zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kijiji, nilimwachia amwagilie migomba. Jirani Melkiori akaja kupiga soga, Eliasi akasimama tu na jembe, maji yote yakaishia kwa Melkiori.

Nikajua wamepanga, kamuuzia maji. Nikamwita mwizi mbele za watu, nikaapa kihamba nampa kaka yake wa Kahe.

Daktari, binti mdogo tu, akamwekea karatasi ya majina ya rangi. Neno NYEKUNDU limeandikwa kwa wino wa kijani. Akamwambia: taja rangi ya wino, neno liache. Msomi wangu akakwama! Anataja neno, anajisahihisha, jasho linamtoka. Mtu akikohoa nje, anaanza upya.

Anaigiza, nikasema moyoni. Nikaivuta karatasi, nikataja rangi zote bila kukosa hata moja.

"Hongera, babu," daktari akacheka. "Wewe kusoma kunakuchukua muda, rangi inakuwahi. Msomi yeyote neno linamvuta kidogo. Eliasi ugonjwa umemdhoofishia breki za akili. Hata maneno ya watu pembeni yanamvuta hivyohivyo. Si ukaidi."

Nani kamwambia habari za kusoma kwangu? Bado namtilia shaka huyo binti.

Ila jioni, zamu yetu ilipofika, nilimjaribu. Nilizima redio. Nilimwambia Melkiori, "Leo soga zako peleka kwa mkeo." Nikampa Eliasi kazi moja moja: fungua hapa. Akimaliza: sasa pale. Mimi nimekaa kimya, mimi!

Migomba yote ilikunywa.

Hakuwa ameuza maji. Nilimwita mwizi bure.

Kesho keshokutwa anaweza kukwama tena, najua. Msimamizi wa mfongo, mzee Aurelio, alipokuja kufunga maji nilimwambia mbele ya Eliasi: kihamba ni cha huyu, na lile neno mwizi nimelifuta. Asiyeamini akamuulize Aurelio. Hanipendi, kwa hiyo hatanipamba.