Barabara Iliyofika Kaburini

Neema mjukuu wangu,

Wengi hukosea kwa kuchagua upande kabla ya kusikiliza. Hapa Garland hatujambo. Bibi yako anakusalimu huko Houston.

Unauliza kama uhame chumba baada ya kugombana na Mei, mwenzako wa chumbani kutoka China, juu ya ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China. Ujanani, kijijini kwetu kabla hatujahamia Marekani, mwalimu wangu Mmarekani alinionya juu ya Wachina, nikaacha kuzungumza na mhandisi wao aliyejenga barabara yetu. Vigingi vyake vya kupimia barabara vilipofika kwenye kaburi la babu yangu, nilimkasirikia kimyakimya. Mama akamwendea: "Bwana, hapa amelala mkwe wangu. Utampitishia malori kifuani?"

Mhandisi alishtuka, akaving'oa mwenyewe. Alikuwa hajui, nami sikumwambia.

Kuhusu ushuru, huenda msikubaliane kamwe. Leo mpikie Mei chai, umuulize kwao wanauonaje, na umwache amalize.

Babu yako