Ulezi Mweusi wa Shangazi

Jumamosi jioni, jua la kiangazi bado linawaka

Siwezi kuacha kucheka, hata mwanangu ananitazama kama nimerukwa na akili.

Leo tumepima ulezi. Mama mkwe alipanda ule wake mwekundu nusu ya shamba, mimi nusu nyingine nikapanda mweusi, mbegu aliyonipa shangazi yangu wa Oldonyo Sambu. Tulipanda siku moja, tukamwagilia maji ya mfereji mmoja. Tulikubaliana kwamba ulezi utakaozidi ndio utakaopandwa shamba zima kila kiangazi. Nilikuwa na hofu kweli. Mume wangu bado anabebeshwa mawe kule boma la Wajerumani, na ghalani kumebaki vumbi tu. Kama ningekosea...

Wake ulijaza vikapu vitatu. Wangu vitano!

"Umeshindilia," akasema.

"Sijashindilia, mama. Pima mwenyewe."

Akamwaga wangu wote mkekani, akaupima upya kwa mkono wake, polepole, bila kutikisa kikapu hata kidogo. Bila kushindiliwa, vikawa vitano na nusu! Niliuma ulimi nisicheke. Akajipangusa vumbi, akasema ulezi mweusi hauna ladha, hata kuku wake hawautaki.

Alipoinuka kwenda kwake, pindo la kaniki yake lilikuwa na fundo nene ambalo asubuhi sikuliona. Pale mlangoni likavuja punje chache, nyeusi tii.

Nikazikanyaga upesi, asije akageuka akajua nimeziona.