Mama, Karanja Alikujibu

Mama,

Mwanao Karanja anafika Jumamosi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukisikia jina lake utageuza uso, na afadhali uugeuze sasa mapema, halafu tuongee.

Baba Mkubwa amesema Karanja hataingia. Amesema mbele ya watu, mikono nyuma, vile anapenda kusimama: maneno ya mtu anayekata roho hayarudishwi. Na kweli ulisema. Mimi ndiye nilikuwa nimekushika mkono. "Karanja asitupe mchanga juu yangu. Asikanyage boma langu." Hiyo ni kirumi, Mama, laana ya mzazi, na anayeweza kuiondoa ni yule tu aliyeitamka. Sasa aliyeitamka amelala huko nyuma ya zizi, tutamwuliza vipi? Ndiyo maana nakuandikia. Kusoma hukujua, lakini nitakuja hapo nyumbani Ngoingwa, kaburini kwako, nikusomee kwa sauti, hata majirani wakisikia wasikie.

Unakumbuka ile ofisi ya kompyuta Thika, juu ya duka la sufuria? Tulianza kwenda huko mwalimu mkuu alipohamishwa na lile sanduku la posta la shule, lililokuwa linapokea barua za Karanja tangu aende kusoma Ujerumani, likafungwa. Karanja akasema tusihangaike, kuna imeli, barua inafika siku hiyo hiyo kutoka Ujerumani. Wewe ukacheka, "Siku hiyo hiyo? Imepanda nini?" Ofisi yote ilikuwa na anwani moja. Wateja wote, anwani moja. Kwa hivyo mtu akikuandikia, jina lako analiweka kwenye laini ya juu kabisa, ile ya kichwa cha barua, ili Wairimu wa kompyuta ajue ni ya nani. Wairimu alikuwa anasoma hizo laini kwa sauti kama mtu anayeita wagonjwa. "Mama Karanja, kutoka Bremen!" Ulikuwa unainuka kwenye benchi mbio, leso inabaki chini, mimi naokota.

Halafu Karanja akahama mji. Akasema chuo kimempeleka Köln, na kutoka hapo, kimya.

Ulienda Jumamosi baada ya Jumamosi, Mama. Mimi nikitoka kwa mume wangu Gatongora na mtoto mgongoni nakukuta umeshafika, umevaa lile koti la kijani. Wairimu anasoma majina yote, ya watu wa Theta, ya watu wa Makongeni, mpaka yanaisha. Anakuangalia. "Leo hakuna, Mama Karanja. Labda wiki ijayo." Ukatuma maneno: mbona kimya? Ukatuma tena. Siku moja ukamwambia Wairimu, bila kupaza sauti, "Usiniite hivyo tena. Niite Mama Nyokabi." Kanisani pia ukawaambia. Aki Mama, maisha yangu yote nilitamani uitwe kwa jina langu. Nilipoipata hiyo heshima ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo.

Ukasema ameoa mzungu. Ukasema ametuonea haya. Mimi sikumtetea, kwa sababu hata mimi niliamini.

Sasa sikia. Baada ya kukuzika, Baba Mkubwa alikataza Karanja aambiwe. Nilivumilia kidogo, nikashindwa. Nikaenda kwa Wairimu nikamwambia aandike: Mama ametuacha. Akaandika huku analia, kwa sababu alikuwa anakupenda, wacha nikuambie. Akaniambia nirudi kesho yake saa za mchana, wakati kompyuta inapiga simu kuchukua barua. Nikarudi. Nikasimama nyuma yake, mtoto anavuta nywele za Wairimu. Ile simu ikalia vile inalia, kama paka amekanyagwa, na kwenye kioo cheusi majina yakaanza kupanda. Halafu katikati ya majina ikaja laini moja hivi. Niliinakili, ndiyo hii:

=?iso-8859-1?B?TWFtYSBLYXJhbmph

na ikaendelea mbele kidogo, uchafu huo huo. Wairimu akairuka. Nikamwuliza, "Na hiyo?" Akasema, "Hizo ni takataka, Nyokabi. Laini za simu za Thika unazijua, mvua ikinyesha zinakuja zimesagika hivyo." Nikamwambia afungue. Akakataa. Hiyo ilikuwa sheria ya mwenye ofisi: barua isiyo na jina haifunguliwi, ni siri ya mtu. Inawekwa pembeni, na kompyuta ikijaa inafutwa. Nikamwambia, "Wairimu, mimi nimezika. Fungua." Akafungua.

Ndani ilikuwa safi, Mama. Kiswahili safi kabisa. "Nyokabi, niambie si kweli."

Wairimu alisukuma kiti nyuma akashika kichwa. Tuliketi hapo mchana wote, wateja wanagonga kaunta. Kwanza alisema ni waya wa simu, akabadilisha waya. Akasema ni kioo, akazima, akawasha. Laini ikabaki vile vile. Mimi nikamwuliza kitu cha kijinga tu: kama ni mvua, mbona ndani hakuna kilichosagika? Mvua inanyeshea kichwa peke yake? Akaipitia ile laini kwa kidole. Halafu akaniuliza, "Zile za kwanza, za Bremen, mbona zilifika vizuri?"

Hapo ndipo tulipoona kwamba kilichobadilika ni jina la mji tu. Tukamwandikia Karanja atume mbili: moja vile amezoea, jina lako na mji wake, na moja jina lako peke yake. Zikaja. Ya jina peke yake ilikuwa safi. Ile yenye mji ilikuwa takataka. Hilo Köln, o yake ina vitone viwili juu. Kompyuta ya huko ikiona herufi kama hiyo kwenye kichwa cha barua inakikunja kichwa chote, inakifunga kwa alama, ikitegemea kompyuta ya huku itakikunjua. Ya Wairimu ni programu ya zamani, ya kuandika amri kwa kidole, haijui kukunjua. Ikaonyesha kifurushi vile kilivyo. Wairimu aliwapigia mafundi wa Nairobi waliomwekea mashine, wakamwambia ndiyo, ni hivyo, kuna kijiprogramu cha kuongeza, watakuja. Walivyosema "watakuja" ni kama watu wa kurekebisha mfereji, ambao hawaji.

Kwa hivyo ile takataka niliyokunakilia hapo juu, Mama, ni jina lako. Limeandikwa "Mama Karanja". Lilikuwa linapanda kwenye kioo na wewe umekaa hapo kwenye benchi, mkoba magotini, na Wairimu analiruka.

Nyingine zilikuwa zimeshafutwa. Chache tulizikuta pembeni. Ya kwanza anakuambia chumba chake kipya kina dirisha na ameona theluji. Ingine anasema, "Mama, nimekujibu, mbona unaniuliza kimya? Au umekasirika?" Na ingine, ya wiki ile ulipolazwa, sijui nikuandikie au nisikuandikie. Nakuandikia. "Natafuta tiketi. Mwambie Mama anisubiri."

Hukuambiwa. Ukageukia ukuta ukasema ulichosema.

Nina hasira, Mama. Na Wairimu sina, ingawa nilijaribu. Na mwenye ofisi ninayo. Nilipomwambia, alisema, "Pole, lakini hiyo ni mambo ya mitambo," akaendelea kula mandazi. Na Karanja ninayo kidogo, kwa nini hakupanda tu ndege akaja, lakini ndege si baiskeli. Nawe pia ninayo. Nakuheshimu na ninayo. Ungesema tu umeumia. Ungelia. Umetuachia neno zito hivyo ukaenda, na mtoto wako ambaye hakukosa kitu ameambiwa asiguse hata udongo uliokufunika.

Nilimpelekea Baba Mkubwa hizo karatasi zimechapishwa. Akaziangalia bila miwani. "Kompyuta inaweza kuandika chochote," akasema. Nikamwambia, "Basi ilikuwa inaweza pia kukosa kuandika, Baba Mkubwa, na nyinyi mliiamini." Akaniambia nisimjibu kama mume wangu. Sikuomba msamaha.

Wasichana wangu hawajambo. Huyu mdogo ana meno mawili na anauma. Ni wewe huyo, nimempa jina lako. Nikimkaripia, mume wangu ananiuliza kama nakaripia mama yangu. Sasa Wairimu, kabla ya kufuta chochote, anafungua kidogo aone ni ya nani. Mama mmoja wa Theta amepata za binti yake zote pamoja. Alipiga magoti hapo hapo sakafuni. Nilifurahi naye, halafu nikateremka ngazi nikalilia huko chini kwenye sufuria za watu.

Sina mate ya mzazi ya kubariki, na kirumi chako siwezi kukiondoa. Hilo nalijua. Lakini Jumamosi asubuhi geti nitalifungua mimi, kwa mkono wangu, Baba Mkubwa akiwa amesimama hapo au akiwa hayupo. Karanja atapita hadi kwako. Atachukua mchanga. Akiogopa kuurusha peke yake, nitashika naye, mkono wangu juu ya wake, na kama neno lako lazima limpate mtu, litakuta tuko wawili na itabidi lichague. Sidhani utachagua. Nakujua. Ungeanza kumwuliza kama amekula.

Pumzika, Mama. Nakuahidi hatasimama nje.

Mtoto wako,
Nyokabi